Usitupe Hiyo Ruta ya Zamani, Bado Ina Kazi

Wasee, niseme mapema ndio tusipotezeane wakati. Kama kwenu mmewahi kubadilisha kampuni ya intaneti hata mara moja, kuna ruta moja imelala mahali. Iko kwa droo ya chini ya TV, ama juu ya kabati, ama kwa ile katoni ya waya ambazo hakuna mtu kwa nyumba anajua ni za nini. Msimamo wangu ni kwamba hicho kidude ndicho kifaa cha maana zaidi kwa keja yenu ambacho hakuna mtu anakitumia. Kabla mtu atoe pesa anunue kitu kingine chochote cha intaneti, kitoeni hapo mkiangalie vizuri.

Najua inaonekana ni stori ndogo. Ruta, waya, mambo ya watu wa kompyuta. Lakini kwetu hii stori ilihusu kazi ya mtu na mkopo ambao karibu auchukue bure, kwa hivyo nipeni dakika chache.

Tunaishi watu watatu: mathe, brathangu mkubwa na mimi. Faiba ilipoingia kwa ploti yetu, fundi alitoboa ukuta wa sebule kando ya TV, akapachika sanduku lake hapo, akatuandikia nenosiri kwa karatasi na akaenda. Kompyuta ya brathangu iko chumbani, mwisho wa korido. Ni zile za mezani tunaita ex-UK. Mnazijua: nyeusi, nzito, ngumu kama jiwe na bei yake mtu anaweza kuifikia. Zilitumika kwa ofisi za watu huko Uingereza kabla ziletwe huku. Sasa ofisini kompyuta huchomekwa waya, kwa hivyo nyingi hazikuwekewa kadi ya waifai. Nyuma kuna tundu moja la mraba la waya ya mtandao, na hiyo ndiyo njia yake ya pekee.

Brathangu hufanya kazi ya kuandika rekodi za sauti. Anatumiwa mahojiano au mkutano, anasikiliza, anaandika neno kwa neno, anarudisha kabla ya saa waliyompa. Akichelewa, nyota zake zinashuka. Nyota zikishuka, zile kazi za malipo mazuri zinapewa mtu mwingine. Hiyo ndiyo hulipa sehemu yake ya rent, na miezi mingine hulipa na yangu ya fare.

Alikuwa anapata intaneti vipi? Kwa simu. Anachomeka simu kwa kompyuta na waya ya USB, simu inashika waifai ya sebuleni na kuipitisha. Ujanja mzuri, na kama wewe uko karibu na ruta yenu unaweza kukutosha kabisa. Shida ni kuta. Nyumba nyingi za Nairobi ni za mawe, na waifai haipendi mawe. Ikifika chumbani kwake ilikuwa imebaki mstari mmoja. Simu ikiona waifai imedhoofika, inahamia data yenyewe, kimyakimya. Rekodi ya saa moja inashuka kwa bando, yeye anadhani anatumia faiba. Halafu akitoka kidogo kwenda dukani, anatoka na intaneti mfukoni.

Hebu fikirieni hiyo. Nyumba imelipiwa intaneti mwezi mzima, na mtu aliye hatua kumi na mbili kutoka kwa ruta ananunua bando kila siku. Mathe alikuwa hata haelewi. "Mimi nalipa hiyo waifai ya nini, kama kila jioni unaniambia bando imeisha?" Na brathangu hana jibu, kwa sababu jibu lenyewe ni refu na mathe ametoka kazini amechoka.

Aliuliza kwa duka moja tao. Akaambiwa kompyuta ya mezani ni mambo ya zamani, achukue laptopu. Siku hiyo alirudi akaanza kupiga hesabu ya zile programu za mikopo ya simu, hii itampa ngapi, ile itampa ngapi. Kuvuta waya kutoka sebuleni nayo ilikataliwa pande mbili: keateka alisema hakuna kutoboa ukuta bila ruhusa ya mwenye nyumba, na mathe akasema waya haitapita sakafuni mwake watu wakianguka nayo.

Na muda huo wote kulikuwa na ruta ya kampuni tuliyohama, kwa droo, imefungwa waya yake shingoni.

Sasa hapa ndipo nataka tuelewane, kwa sababu watu wengi wanadhani ruta ni kitu cha kutoa waifai peke yake. Ukiifungua kichwani mwako, ruta ya nyumbani ni vifaa kadhaa ndani ya sanduku moja. Kuna redio, ile inaongea waifai. Kuna swichi, yaani yale matundu manne ya LAN yanayounganisha vitu vya waya. Na kuna karani mmoja ndani anayegawa anwani, kila simu ikiingia anaipa nambari yake. Redio haina mdomo peke yake, ina masikio pia. Inaweza kuambiwa iache kutangaza waifai yake na badala yake isikilize waifai ya ruta nyingine, kama simu inavyofanya. Ikishaishika, inachopata inakipitisha kwa matundu ya waya. Kompyuta ikichomekwa hapo inaona tu waya yenye intaneti. Haijui kwamba katikati kuna hewa.

Hiyo ndiyo watu huita daraja. Upande mmoja waifai, upande mwingine waya.

Nikamwambia brathangu hivyo. Akaniangalia. "Sasa wewe unataka kufanya nini na hiyo kitu? Si hata ilikatwa." Hii nayo ni dhana nyingine naomba tuizike leo. Kampuni ikikukatia huduma, inakata laini. Ruta yenyewe haifi. Ni kompyuta ndogo, ukiipa umeme inawaka na kufanya kile umeiambia.

Kabla uanze, hakikisha mambo matatu. Kwanza, iwe yako kweli. Kampuni zingine hukukopesha ruta na zinataka irudishwe ukihama, kwa hivyo soma mkataba. Pili, adapta ya umeme. Angalia kibandiko chini ya ruta: ikisema volti 9, tafuta adapta ya volti 9, ikisema 12, tafuta ya 12. Volti lazima zilingane. Ampea zinaweza kuwa sawa au zaidi, lakini zisiwe chini. Usichomeke tu ile inaingia kwa tundu, kuingia si kulingana. Tatu, ifute. Kuna kitufe cha Reset, mara nyingi kimejificha ndani ya kitundu. Ruta ikiwa imewaka, kibonyeze na sindano au pini kama sekunde kumi hadi taa zizime na kuwaka upya. Hapo inasahau kila kitu cha kampuni ya zamani, na nenosiri la kuingilia linakuwa lile limeandikwa kwa kibandiko.

Baada ya hapo unachomeka kompyuta kwa tundu moja la LAN, unafungua kivinjari na kuandika anwani ya ruta, kwa mfano 192.168.0.1. Ukiingia ndani, tafuta moja kati ya njia mbili.

Njia ya kwanza kwa ruta nyingi inaitwa WDS, ama daraja. Hii ndiyo tulitumia. Ile ya kwetu ni TP-Link ya kawaida sana, TL-WR841N, ile nyeupe yenye antena. Hatua zenyewe ni hizi. Unaipa anwani mpya iliyo kwa familia moja na ruta kuu lakini isigongane na kitu kingine: kama kuu ni 192.168.1.1, hii unaiita 192.168.1.250. Ukishahifadhi, unaingia tena ukitumia hiyo anwani mpya, usishtuke ya zamani ikikataa. Kisha unawasha WDS, unaiambia itafute waifai zilizo karibu, unachagua ya kwenu, unaweka nenosiri la waifai na aina ileile ya ulinzi. Mwisho unazima DHCP, yaani yule karani wa anwani. Nyumba moja haihitaji makarani wawili, kwa sababu watagawa nambari zinazogongana na hakuna kitakachoenda. Ukimaliza, chomeka vitu vyako kwa matundu ya LAN. Lile tundu la rangi tofauti, WAN, liache tu.

Kuna kitu kidogo hapo kinachosumbua watu. Ruta kuu nyingi hubadilisha chaneli zenyewe zikitafuta hewa isiyo na msongamano. Daraja la WDS linataka chaneli moja isiyohama. Kwa hivyo ingia kwa ruta kuu na uifunge kwa chaneli moja, na kwa mawimbi ya GHz 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11, kwa sababu hizo tatu haziingiliani. Na kama ruta kuu imewekwa ulinzi wa WPA3 peke yake, ruta ya zamani haitaielewa. Weka WPA2, au ile ya kuchanganya zote mbili.

Njia ya pili kwa ruta nyingi imeandikwa WISP, ama klayenti. Hii ni rahisi zaidi na hushikana na karibu ruta yoyote. Ruta ya zamani inaingia kwa waifai kama simu moja, halafu inatengeneza mtandao wake mdogo nyuma yake. Hapa unafanya kinyume: karani wa DHCP anabaki kazini, na familia ya anwani lazima iwe tofauti. Kuu ikiwa 192.168.1.1, hii ibaki 192.168.0.1. Ubaya wake ni kwamba vitu vya nyuma vinakuwa kama vimejifungia chumbani. Vinaenda nje kwa intaneti vizuri, lakini simu yako iliyo sebuleni haitaiona printa iliyochomekwa huko. Na michezo mingine ya mtandaoni hulalamika kwamba unapita milango miwili. Kwa kazi kama ya brathangu haina neno. Kwa printa na gemu, tafuta ile ya kwanza.

Mtu ataniuliza mbona ya kwanza wakati mwingine inagoma, hasa ruta mbili zikiwa za kampuni tofauti. Jibu liko kwa vile waifai ilitengenezwa. Chukulia kifurushi unachotuma na matatu. Ujumbe wa kawaida wa waifai kati ya simu na ruta una nafasi ya anwani tatu, na unachukulia kwamba anayeongea anaongea kwa niaba yake mwenyewe. Simu ni mtu mmoja, haina shida. Lakini daraja lina watu nyuma yake: kompyuta, printa, gemu. Kila mmoja ana kifurushi chake, na fomu haina mahali pa kuandika jina lake. WDS huongeza anwani ya nne kwa hiyo fomu. Ubaya ni kwamba watengenezaji hawakuifanya kwa njia moja, ndiyo maana ruta ya huyu na ya yule wakati mwingine hazielewani. Ikikataa, nenda WISP. Usikae usiku mzima ukipigana nayo.

Sisi ilishika. Tuliiweka kwa korido, nje tu ya mlango wa chumba chake, juu ya kabati la viatu, mahali ambapo waifai ya sebuleni bado ina nguvu. Hii ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: daraja liweke pale linaposikia vizuri, halafu vuta waya fupi hadi kwa kompyuta. Ukiliweka ndani kabisa ambako waifai imekufa, litapitisha intaneti iliyokufa. Waya ya mita tano ikapita ukingoni mwa ukuta chini ya mlango, mathe akaikagua na akanyamaza. Kwa mathe, kunyamaza ni kupitisha.

Jaribio la kwanza si kufungua YouTube. Kwa kompyuta, pigia ruta kuu kwa amri ya ping, 192.168.1.1. Ikijibu, daraja linafanya kazi, na kama intaneti bado haiji basi shida iko mbele, si kwako. Ilijibu. Kisha brathangu akapima kasi. Tunalipia megabiti 20 kwa sekunde, na kwa meza yake zilifika 17. Matundu ya ile ruta mwisho wake ni megabiti 100, kwa hivyo kwa nyumba nyingi za kawaida hayawi kizuizi.

Hakusema kitu kikubwa. Alichomoa simu kutoka kwa kompyuta, akaiweka kitandani, akaendelea na kazi. Wiki iliyofuata niliona amefuta zile programu mbili za mikopo. Gharama yetu yote ilikuwa ile waya ya mita tano.

Sitaki kuwadanganya kwamba ruta ilimpa kazi. Kazi alikuwa nayo, na ujuzi alikuwa nao. Kilichokuwa kinamkula ni hatua kumi na mbili za korido. Na nadhani kuna wasee wengi mko hapo. Mnafikiri kompyuta yenu ni mbovu au ni ya kizamani, mnafikiri lazima mpate laptopu ndio muombe HELB bila kuhangaika, ndio mfanye kozi, ndio muanze kazi za mtandaoni. Kumbe kompyuta haina neno. Imekosa tu mlango.

Na si kompyuta peke yake. Ile printa kubwa ya ofisi iliyo na tundu la waya tu. Rekoda ya kamera za ulinzi. Dekoda. Xbox 360 za kwanza, za 2005, ambazo hazikuja na waifai ndani. Adapta ya waifai iliuzwa kando, hadi lile toleo jembamba la 2010 ndilo likaja nayo. Ruta moja ina matundu manne ya LAN. Vitu vinne vinaweza kuingia mtandaoni kwa mpigo mmoja.

Sasa nisikilize wanaonipinga, kwa sababu wako na ni watu wenye akili.

Wa kwanza atasema: nunua tu kile kidude cha USB cha waifai, ni bei ndogo. Ni kweli. Kama una kompyuta moja na waifai inafika pale ilipo vizuri, nunua hicho, mimi sina ugomvi. Lakini kidude cha USB hukaa nyuma ya kompyuta, chini ya meza, mahali pabaya kabisa pa kusikia waifai. Kinahitaji draiva. Na huwezi kukichomeka kwa rekoda ya kamera ukitarajia kifanye kazi.

Wa pili atasema: nunua ripita. Ripita hupokea waifai na kuitangaza tena, na kama ina redio moja inapokea na kurudisha kwa zamu, kwa hivyo kasi ya simu iliyo nyuma yake hushuka karibu nusu. Daraja la waya halina huo mzigo, kwa sababu redio inaongea na ruta kuu peke yake na upande wa pili ni waya. Ndiyo maana nasema ukishaweka daraja, usiunganishe simu zenu kwa waifai yake. Iachie kompyuta.

Wa tatu ndiye namheshimu zaidi. Atasema ruta ya zamani ni hatari, programu yake ya ndani haijasasishwa miaka mingi, wezi wa mtandaoni wanazijua nyufa zake. Ni kweli, na sitaipunguza. Ukiitumia kama daraja, inakaa nyuma ya ruta kuu na haiangaliani na mtandao wa nje moja kwa moja, hiyo inasaidia. Lakini bado: badilisha nenosiri la admin siku hiyohiyo, na angalia kwa tovuti ya mtengenezaji kama kuna programu mpya ya toleo lako hasa. Nambari ya toleo iko kwa kibandiko, V8, V9, V11 na kadhalika. Ukiweka ya toleo lingine unaweza kuiua kabisa.

Na kuna mlango mwingine hapa ambao una historia yake. Mwishoni mwa 2002 Linksys ilitoa ruta inaitwa WRT54G. Ndani yake kulikuwa na Linux, programu huria ambayo leseni yake inasema ukiitumia na kuisambaza, lazima utoe na msimbo wake. Watu wakagundua, wakadai, na 2003 msimbo ukatolewa. Kutokana na huo, 2004 ukaanza mradi wa OpenWrt, ambao hadi leo unawapa watu programu mpya ya bure ya kuweka kwa ruta ambazo watengenezaji walishazisahau. Si zote zinaweza kuibeba. Zenye hifadhi ya MB 4 na RAM ya MB 32, na TP-Link nyingi za bei ya chini ziko hapo, haziwezi matoleo ya sasa. Lakini kama yako imo kwa orodha yao, unapata kifaa cha zamani chenye ulinzi wa leo.

Hiyo stori naipenda kwa sababu moja. Watu wa kawaida walisema: hiki kitu tumekinunua, tuonyesheni kinavyofanya kazi. Na wakaonyeshwa. Huku kwetu tumezoea kupokea sanduku likiwa limefungwa, na nenosiri la admin tunaambiwa si letu kulijua. Kubadilisha jina la waifai tu, mtu anapiga simu na kungoja. Sisemi kila mtu awe fundi. Nasema kuna tofauti kati ya kutojua na kuzoeshwa kwamba si lazima ujue. Hiyo ya pili ndiyo humfanya mtu achukue mkopo wa laptopu na dawa iko kwa droo.

Halafu kuna takataka. Mwaka wa 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki, kulingana na ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2024, na ni asilimia 22.3 tu ilijulikana kukusanywa na kuchakatwa inavyofaa. Zingine zinaenda wapi, wewe wa Nairobi huhitaji kuelezewa sana. Kuna vijana wa rika letu Dandora wanachoma waya ndio wapate shaba, na moshi huo wanauvuta wao. Ruta yako haitamaliza hiyo shida. Lakini kila mwaka inapobaki kazini ni mwaka mmoja haijafika huko. Na kama imekufa kweli, haiwaki hata ukiipa adapta sahihi, usiirushe na maganda ya viazi. Hapa Nairobi kuna WEEE Centre, kazi yao ni hiyo hiyo ya taka za kielektroniki.

Kwa hivyo wikendi hii, kabla uambie mtu akutumie pesa ya kununua kitu, fungua hiyo droo. Toa ruta, soma kibandiko chake, tafuta adapta yake, ibonyeze Reset na sindano. Ukiingia ndani na uone neno WDS ama WISP, uko sawa, rudi juu ufuate hatua. Usipoona hata moja, tafuta jina la modeli yako kwa tovuti ya OpenWrt. Na ukikosa pia hapo, uliza majirani kwa ploti, kwa sababu kila nyumba iliyohama kampuni ina yake, na wengi watakupa bure wakishukuru umewapunguzia takataka.

Ikishashika, muite yule mtu wa nyumba anayelipa waifai, umuonyeshe. Anastahili kuona pesa yake ikifika mwisho wa korido.